Mikroglia za panya wazima zimewaka: ni ugonjwa au ni maandalizi?

SWALI: Shikamoo Profesa. Niko Ujerumani, mwaka wa pili wa utafiti baada ya uzamivu, na ninachunguza mikroglia, zile seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo. Nakatakata ubongo wa panya, nauloweka kwenye vimeng'enya vya kutenganisha seli kwa nyuzi 37 kwa nusu saa, nachuja, kisha nasoma RNA, yaani nakala za jeni zinazotumika, ya seli mojamoja. Sasa panya wazima, ambao sikuwatia ugonjwa wowote, wana kundi kubwa la mikroglia zilizowasha jeni za Fos, Jun, Ccl3, Ccl4 na Tnf, utadhani ubongo una mchochota. Msimamizi wangu anasema ni seli zilizoingia kutoka kwenye damu. Mkataba wangu unaisha mwakani. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anzia kwenye hiyo nusu saa.

Orodha ya jeni uliyonitajia naifahamu vizuri, na mara nyingi hutokana na maandalizi yenyewe. Mwaka 2005 watafiti walizitazama mikroglia za panya hai kupitia fuvu lililokwanguliwa likawa jembamba. Waliona matawi yake hayatulii: yanarefuka, yanajikunja, yanapapasa kila upande hata ubongo ukiwa mzima kabisa. Walipochoma mshipa mdogo kwa leza, matawi ya jirani yalielekea kwenye jeraha ndani ya dakika chache. Basi fikiria seli ya namna hiyo inapokatwa matawi yote, ikatumbukizwa kwenye kimeng'enya, tena kwa joto la mwili, ambalo ndilo joto linaloiwezesha kunakili jeni zake. Nusu saa inaitosha sana. Fos na Jun ni miongoni mwa jeni za kwanza kabisa kuitikia msukosuko, na Ccl3 na Ccl4 hufuata upesi.

Nami yalinikuta. Tulikuwa na ubongo sita kwa siku moja, na nilifurahia tofauti nzuri kati ya makundi mawili ya panya mpaka nilipopanga matokeo kwa saa ya kuchinja. Tofauti ilifuata foleni ya mezani, haikufuata ugonjwa. Kwa hiyo, kabla ya jaribio lolote jipya, fungua daftari lako la maabara uangalie ubongo upi ulisubiri muda gani. Hilo halina gharama.

Kisha fanya kipimo ambacho kitakata shauri. Chukua panya wazima wachache, safisha damu kwa kupitisha maji ya chumvi baridi moyoni, halafu ugawe kila ubongo nusu kwa nusu. Nusu moja igandishe papo hapo, uikate vipande vyembamba na kutafuta RNA ya Fos na Ccl3 ndani ya mikroglia zikiwa bado mahali pake. Nusu ya pili iandae kama kawaida yako. Jeni zikionekana kwenye seli ulizotenganisha tu, basi zimewashwa mikononi mwako.

Tiba zipo mbili. Ya kwanza ni kuacha vimeng'enya na kusaga kwa kinu cha kioo na mchi wake, kila kitu kikiwa juu ya barafu. Mikroglia huvumilia njia hii, ila niuroni, yaani seli za neva, nyingi huharibika. Kama unazihitaji hizo pia, haitakufaa. Ya pili ni kubaki na vimeng'enya lakini kuongeza dawa za kuzuia seli isinakili jeni wala kutengeneza protini mpya: aktinomaisini D, triptolaidi na anisomaisini. Kazi iliyochapishwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba mchanganyiko huo huzuia sehemu kubwa ya alama hii bandia. Ziweke tangu mwanzo, si baada ya kuloweka, kwa sababu jeni ikishawaka dawa haiizimi. Vaa glavu na ufuate taratibu za taka. Aktinomaisini ni sumu kali.

Hoja ya msimamizi wako usiipuuze, ina njia yake ya kupimwa. Mikroglia za panya hutokana na mfuko wa kiini cha yai la kiinitete, jambo lililothibitishwa mwaka 2010, na katika ubongo usio na ugonjwa seli za damu haziji kuzijaza. Tafuta Tmem119 na P2ry12, jeni zinazotambulisha mikroglia, katika kundi hilo, na CD45, protini ya juu ya seli za kinga, ya kiwango cha chini. Zikiwapo, hao ni wenyeji. P2ry12 peke yake isikuhukumie, maana hushuka mikroglia zinapochokozwa. Seli zenye protini ya CD206 nyingi huwa ni makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, za utando unaofunika ubongo na za kandokando ya mishipa, si wageni wa jana.

Data ya miaka miwili usiitupe. Lakini usijifariji kwamba makundi yote yaliandaliwa sawa, hivyo kosa litajifuta: mikroglia ya panya mgonjwa huenda ikaitikia kimeng'enya kwa nguvu tofauti na ya mzima. Jeni za kundi la Fos ziweke kando kabisa. Jeni nyingine utakazotaka kuzitetea, chagua tano au sita zenye uzito, uzihakikishe kwenye vipande vilivyogandishwa papo hapo. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Mweleze msimamizi wako wiki hii hii, ukiwa na daftari la saa mkononi, ili panya wa kipimo waagizwe mapema.