Maji ya Kilifi: maswali yenu ya kusi na kaskazi

Tangu Julai barua zimerundikana mezani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: hori la Kilifi, hili tulilozoea kuliita kriki, lina baridi kiasi gani na mtu aingie lini. Nimechambua chache.

Shikamoo mwalimu. Nitashuka na familia kutoka Nairobi katikati ya Agosti. Nasikia maji huwa baridi. Tungoje Desemba? (Baba wa wawili, Nairobi)

Marahaba. Msingoje. Ni kweli maji yetu hushuka zaidi kati ya Julai na Septemba, lakini kushuka kwenyewe ni kufika nyuzi 24 au 25. Machi hadi Aprili mapema, upepo wa kaskazi ukishalegea na bahari imelala kama sinia, yanapanda hadi 29, pengine 30. Mwaka mzima tofauti ni nyuzi tano au sita tu. Bwawa lisilopashwa moto huko kwenu Nairobi lingewatetemesha watoto zaidi.

Agosti shida ni upepo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, na ufukwe wa nje unachafuka mawimbi na mwani. Ndani ya hori ni habari nyingine: mlango ni mwembamba na kingo zake ni miamba, kwa hiyo maji yanatulia hata siku ambayo wavuvi wa nje wameacha mitumbwi juu. Desemba maji ni ya joto na unaona miguu yako chini, lakini mashua za wageni nazo zimejaa. Kila msimu na kodi yake.

Kama nyuzi 25 si baridi, mbona mwezi huu nikikaa majini nusu saa natoka meno yakigongana? Ofisini nyuzi 25 nafungua dirisha. (Karani, Kilifi mjini)

Hewa na maji havichukui joto la mwili kwa kasi moja. Maji hulichukua haraka mno, mara 25 hivi kuliko hewa ya joto lile lile. Mwili wako una nyuzi 37, kwa hiyo kila dakika unawapasha samaki moto bila malipo. Ukitoka, kusi inakupiga ukiwa umelowa na kukumalizia kilichobaki. Usisimame ufukweni ukipiga soga na nguo mbichi. Jifute kichwa kwanza, vaa kikavu, kisha ndiyo uje na hadithi.

Ukitaka maji ya uvuguvugu hata wakati wa kusi, panda ndani kuelekea Bahari ya Wali, hori linapotanuka. Siku za bamvua, bahari inapopanda na kushuka zaidi, maji hukupwa (hushuka) asubuhi, matope ya pembeni mwa mikoko yanaota jua hadi adhuhuri, halafu maji yanarudi juu yake. Ingia hapo saa tisa alasiri, utadhani mtu ametia birika.

Nataka kuvuka kwa kuogelea kutoka Mnarani hadi upande wa mjini, chini ya daraja. Naogelea vizuri. Kuna tatizo? (Kijana wa Mtwapa)

Kuna tatizo, na wala si uogeleaji wako. Daraja lile, lililofunguliwa 1991 likastaafisha feri, lina urefu wa mita 420, na mtu mzoefu haoni umbali huo kitu. Lakini fikiria maji yote ya Bahari ya Wali, pamoja na ya mito inayoingia humo, yanatokea kwenye shingo ile moja. Siku za bamvua bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu, kupanda na kushuka kunapopungua, ni kama mita moja. Mzigo huo wote unapita hapo kila baada ya saa sita na ushei.

Mimi mwenyewe niliwahi kujipima, ujanani, dakika arubaini baada ya maji kuanza kukupwa. Nilikuwa nimelenga ngazi za upande wa pili. Nilipoinua kichwa, ngazi zilikuwa zinakwenda zake kushoto, taratibu, kama basi lililokuacha. Nilishika mwamba karibu na mlango wa bahari na kupanda kwa viganja. Matumbawe yalinichana magoti yote mawili, na nilirudi kwa miguu, peku, nikipita mbele ya watu waliovaa vizuri.

Basi soma mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kukauka karibu na saa nne. Kila siku ongeza dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka: yanajaa saa nne. Hakikisha kwa jedwali la maji au kwa mvuvi yeyote. Vuka maji mafu, yakiwa yamejaa na kusimama, si bamvua. Nenda na mtu wa mtumbwi, na ujifunge kwa kamba dumu tupu la mafuta ya kupikia, la njano, ili wenye mashua za injini wakuone. Mkondo ukikubeba, usipigane nao. Kata ubavuni kuelekea ukingo.

Mei maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Watoto waliogelea, mmoja akaumwa sikio. Ni hayo maji? (Mama wa Mnarani)

Huenda, mama. Masika mito huleta udongo na kila kilichoachwa njiani, vyoo vikiwemo. Baada ya mvua kubwa wape siku mbili tatu, na waingie maji yakijaa, kwa kuwa hapo yanatoka baharini. Sikio likiendelea kuuma, mpeleke zahanati, usimtie mafuta.

Nimekanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, mchangani. Nifanye nini siku nyingine? (Mgeni, Takaungu)

Pole. Kwanza buruza nyayo unapoingia, usinyanyue. Taa akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe. Akishakuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi, maana joto hupunguza maumivu ya sumu yake. Kisha hospitali, kwani mwiba hubakiza vipande.

Usiku maji yanawaka ukiyagusa. Bibi anasema ni majini na mashetani. Ni salama kuogelea? (Mwanafunzi, Kilifi)

Bibi usibishane naye. Wanaowaka ni viumbe wadogo mno wanaoelea majini, na hutoa mwanga wa samawati wakitikiswa. Kuwagusa hakudhuru. Chagua usiku usio na mwezi, zima tochi na uyape macho dakika kumi kuzoea giza. Ila kumbuka: usiku usio na mwezi ndio usiku wa bamvua. Yakijaa saa kumi jioni, saa mbili usiku yanakimbia kutoka. Kaa kwenye ngazi, tumbukiza mkono hadi kiwiko, uuchezeshe polepole.