Mwanya wa kuvuka bahari huangaliwa kuanzia kule unakofika

Safari ya kwanza niliyoongoza mwenyewe mbali na pwani ilikuwa ya maili 600, na siku tuliyong'oa nanga ilikuwa nzuri mno, upepo noti 14 (noti ni maili ya baharini kwa saa) ubavuni, bahari imelala, kila mtu yuko kwenye deki anafurahi na mimi nikasema moyoni hapa nimechagua mwanya vizuri kabisa, yaani kipindi cha hali nzuri ya hewa cha kuvukia. Siku ya tano saa nane usiku tukawa na upepo wa mbisho, yaani wa usoni, noti 32, mkondo unatoka nyuma yetu unagongana na huo upepo, mawimbi yamesimama wima na yako karibu karibu, watu watatu kati ya wanne hawawezi hata kunywa maji. Tulifika, chombo kizima, hakuna aliyeumia, ila mmoja wa wale watatu mpaka leo hajarudi tena baharini na mimi najua ni kwa sababu ya uamuzi wangu.

Nilipomsimulia mzee mmoja nahodha aliyenifundisha mengi, hakunigombeza, aliuliza kitu kimoja tu. "Mwanangu, ulipoangalia utabiri uliangalia siku gani?" Nikamwambia niliangalia siku ya kuondoka na kesho yake, zote zilikuwa shwari. Akasema, "Sasa upepo wa bandarini ulikuwa unautakia nini, na we hapo ndo unaondoka? Niambie alhamisi usiku ulikuwa unategemea kuwa wapi, na huko alhamisi usiku utabiri ulisemaje."

Sikuwa na jibu. Tangu hapo ndivyo ninavyofanya na ndicho ninachotaka kukuelezea leo, maana naona watu wengi wanaoanza safari ndefu wanafanya kosa lilelile, wanatafuta siku nzuri ya kutoka, wakati siku ya kutoka ndo rahisi kuliko zote, unaiona kwa macho, na ikibadilika unarudi.

Kitu cha kwanza ni mwendo wa chombo chako, na hapa jiambie ukweli. Chombo chetu kikipata upepo mzuri kinaenda noti 7, lakini ukichukua safari nzima, usiku umepunguza tanga, mchana upepo umekata, wastani unakuja 5. Maili 600 kwa noti 6 ni saa 100, kwa noti 5 ni saa 120. Hizo saa 20 zinaonekana ndogo kwenye karatasi lakini kwenye safari yangu ile ndo zilikuwa tofauti kati ya kuingia bandarini jioni na kukutana na ule upepo njiani, mimi nilipigia hesabu ya 6. Sasa hivi napigia ya 5, alafu nachukua ramani ya utabiri na kuweka alama ya chombo kila baada ya saa 12, hapa nitakuwa jumatatu jioni, hapa jumanne asubuhi, na kwa kila alama nasoma upepo wa saa hiyo na mahali hapo. Narudia tena kwa noti 4. Kama kwa noti 4 naangukia kwenye upepo mbaya, huo mwanya ni mfupi kwangu hata kama kwa mwingine unatosha.

Kuhusu utabiri wenyewe. Mi naangalia modeli mbili, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa, GFS ya Marekani na ile ya kituo cha Ulaya, ECMWF. GFS inatoka mara nne kwa siku na inakwenda mbele mpaka siku 16, na hizo siku 16 ndo zinazowachanganya watu, kwa sababu mchoro wa siku ya 12 unapendeza na una mishale na rangi sawasawa na mchoro wa kesho. Lakini haviko sawa hata kidogo. Siku tatu za mwanzo naziamini, ya nne na ya tano nazichukua kwa tahadhari, baada ya wiki naona mwelekeo tu, yaani kuna kitu kinajengeka au hakuna.

Ninachofanya ni hiki, na naomba ukijaribu kabla ya safari yako ijayo. Wiki moja kabla, naanza kuweka kumbukumbu ya siku moja ninayoihofia, tuseme jumamosi. Jumatatu naandika utabiri unasema nini kuhusu jumamosi, jumanne naandika tena unasema nini kuhusu jumamosi ileile, hivyo hivyo kila asubuhi. Kama kila siku hadithi ni ileile, noti 15 mpaka 18, mwelekeo uleule, napata moyo. Kama leo inasema 15 kesho 28 keshokutwa 12, basi hata hiyo 12 inayovutia siichukui, maana modeli haijajua na mimi sitajua kuliko yenyewe. Pia linganisha modeli mbili, zikikubaliana vizuri, zisipokubaliana chukua ile mbaya zaidi uone kama unaweza kuishi nayo. ECMWF wana utaratibu wa kuendesha utabiri uleule mara 51 kwa kubadilisha kidogo hali ya kuanzia, na ukiona mistari yote 51 inaenda pamoja mpaka siku ya tano unajua hewa imetulia, ila ikitawanyika kuanzia siku ya tatu ujue zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Na utabiri unaweza kubadilika ukiwa tayari uko majini, hilo lazima ulikubali kabla ya kutoka. Mwaka 1979 mashindano ya Fastnet, ya vyombo vya tanga huko Uingereza, yalianza tarehe 11 Agosti, na usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 dhoruba ikawakuta njiani, mabaharia 15 waliokuwa wanashindana wakafa. Siku mbili tu. Leo modeli ni bora zaidi kuliko wakati ule lakini mi bado najipa nafasi ya saa 24 kila upande, yaani ule upepo mbaya naufanya kama utakuja siku moja mapema kuliko wanavyosema na nauliza nitakuwa wapi.

Namba za kwenye utabiri nazo zina maana yake. Upepo unaoandikwa ni wastani, mapigo yanaweza kuzidi kwa asilimia 40, kwa hiyo noti 20 zinaweza kukuletea pigo la 28, na nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa kasi yake, so 28 inasukuma tanga karibu mara mbili ya 20. Mawimbi nayo, wakisema mita 2 wanamaanisha wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa, ukikaa muda mrefu baharini litakuja moja la karibu mita 4. Ila mi zaidi ya urefu naangalia sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 2 kwa sekunde 10 unalala vizuri, chombo kinapanda na kushuka taratibu. Mita 2 kwa sekunde 5 ni kupigwa usiku kucha.

Halafu upepo huohuo si mmoja kwa kila mwelekeo. Noti 15 ukienda nazo huku chombo kinatembea 5, kwenye deki unasikia 10 tu, mtu anaweza kukaa bila koti. Ukienda mbisho dhidi ya hizohizo 15 unasikia karibu 20 na kila wimbi unalipanda. Ndo maana mwanya mzuri kwa anayekwenda ni mwanya mbaya kwa anayerudi, usichukue ushauri wa mtu anayekwenda upande mwingine, hata kama anajua bahari kuliko wewe.

Mkondo sasa. Hapa nitakaa kidogo maana ndo ulionifundisha kwa uchungu. Upepo na mkondo vikienda pamoja bahari inalainika, vikipingana mawimbi yanafupika na kusimama, na hali hiyo inaanza hata kwa upepo wa kawaida kabisa. Gulf Stream inapanda kaskazini pwani ya mashariki ya Marekani, sehemu nyingine kwa kasi ya noti 4, na wanaoivuka hawakubali kuingia humo upepo ukiwa unatoka upande wowote wa kaskazini. Mkondo wa Agulhas unashuka pwani ya Afrika Kusini kuelekea kusini magharibi, na pepo kali za huko zinakuja kutoka kusini magharibi, uso kwa uso, hapo ndo yanatokea mawimbi yanayovunja hata meli kubwa. Kati ya Durban na East London ni kama maili 250 na hakuna bandari ya kukimbilia katikati, kwa hiyo mtu anasubiri upepo ule upite, barometa (kipimo cha mgandamizo wa hewa) ianze kupanda na kutulia, anaondoka na anapiga hesabu kama atafika kabla ya mwingine, akiona hatafika anabaki. Huo ni mwanya wa siku moja na nusu hadi mbili hivi, na watu wanausubiri kwa wiki.

Safari ikiwa ndefu kuliko utabiri, mambo yanabadilika. Toka Tonga kwenda New Zealand ni maili elfu moja na zaidi kidogo, wiki nzima mpaka siku kumi kwa chombo cha kawaida, na maeneo ya mgandamizo mkubwa na mdogo yanapita huko karibu kila wiki, huwezi kupata utabiri wa uhakika wa kukufikisha mpaka mwisho. Pale watu wanachagua jinsi ya kuanza, wanajua watakutana na kitu karibu na mwisho, basi wanapanga kikiwakuta kiwakute wapi, na wengine wanasimama ndani ya miamba ya Minerva njiani kusubiri kipite. Hapo unapaswa kujua msimu kabla ya siku. Vimbunga vya Atlantiki msimu wake rasmi ni 1 Juni hadi 30 Novemba, vya Pasifiki ya Kusini ni Novemba mpaka Aprili, na hakuna mwanya mzuri wa siku tano utakaokutetea ukiwa katikati ya msimu huo kwenye safari ya siku kumi na tano.

Kuna jambo watu hawalisemi sana: upepo mdogo nao unaharibu mwanya. Nilishawahi kutoka kwa sababu utabiri ulikuwa shwari tupu, nikafurahi, tukakaa siku mbili tunaunguza dizeli, na chombo kikachelewa mpaka kikaangukia kwenye hali ambayo kama tungekuwa na noti 15 tungeikwepa. Siku hizi nataka upepo wa kutosha kutembea, noti 12 mpaka 20 kutoka ubavuni kwenda nyuma, na dizeli ya kuvuka shwari ya saa 36.

Siku mbili za mwanzo ndo nazitaka ziwe laini. Kwanza utabiri wake ni wa kuaminika, pili miili ya watu haijazoea, mtu anaweza kuchukua siku mbili tatu kabla tumbo halijatulia, na mtu anayetapika hawezi zamu. Wengi wanapenda kutoka mara tu upepo mkali ukishapita, na ni sawa maana barometa inapanda na una siku nyingi mbele yako, ila mawimbi hayaondoki na upepo, subiri saa 12 au hata siku nzima yalale kwanza.

Barometa usiiache hata kama una intaneti ya setilaiti. Naandika kila saa moja. Ikishuka milibari 1 kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, sisubiri kusoma faili lolote la utabiri, napunguza tanga mchana watu wakiwa na nguvu. Ukiwa kwenye tropiki ujue kwamba kila siku inapanda na kushuka yenyewe kwa kama milibari 2 au 3, hiyo ni kawaida, lakini ikiwa 5 chini ya kawaida yake kwa saa ileile, kuna dhoruba karibu. Na ukikaribia nchi kavu kumbuka faili nyingi za utabiri zimegawa bahari kwa miraba ya kama maili 15, rasi na mlango bahari havionekani humo, upepo unaobanwa pale utaukuta mwenyewe.

La mwisho ni tarehe. Safari ile ya kwanza nilitoka siku ile kwa sababu rafiki yangu alikuwa na ndege ya kuwahi. Sasa hivi kabla mtu hajapanda namwambia nitakuambia mahali au siku, vyote viwili siwezi. Tunaandika kwenye karatasi mipaka yetu wote tukiwa tumepumzika, upepo usizidi kiasi gani, kutoka upande gani, tukiona nini tunarudi, alafu hiyo karatasi inabandikwa juu ya meza ya ramani. Ndani ya saa 24 za mwanzo tunachukua utabiri mpya na kusoma karatasi kwa sauti.

Mara ya mwisho tulikuwa tumeshatembea maili 38. Utabiri wa upepo wa siku ya nne, uliokuwa 18 kwa siku sita mfululizo, ukawa 30. Nilisoma karatasi, kijana aliyekuwa kwenye usukani akauliza, "Nahodha, turudi?" nikamwambia geuza. Tulisubiri siku tisa zaidi. Tulipotoka tena tulipanga saa ya kuondoka kwa kuhesabu kinyumenyume tangu alfajiri ya kufika, na bado tukawahi kwa saa tano, tukasimama maili 10 nje tukisubiri kuche, upepo noti 11, barometa 1018 haitikisiki, na wale waliokuwa hawana zamu walikuwa wamelala.