Dubai hadi Tokyo: mbona saa za kwenda na za kurudi hazilingani?

Swali: Nanunua magari ya mtumba Japani na huwa napitia Dubai. Ramani ya simu inanipa kilomita 7,900 na kitu kati ya Dubai na Tokyo. Nikigawa kwa mwendo wa ndege, kilomita 900 kwa saa, napata saa 9 kasoro. Tiketi inasema naondoka 02:40 nafika 17:35, karibu saa 15! Kurudi naambiwa ni zaidi ya saa 11. Nishike hesabu ipi?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na tiketi, maana hiyo ni nyepesi. 02:40 ni saa nane na dakika arobaini usiku, saa za Dubai. 17:35 ni saa kumi na moja na dakika thelathini na tano jioni, saa za Tokyo, na Tokyo iko mbele kwa saa 5. Zitoe, zinabaki saa 9 na dakika 55.

Sasa umbali. Hizo kilomita 7,940 hivi ni za njia fupi kuliko zote. Vuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka Dubai hadi Tokyo: utaona unapanda kaskazini hadi latitudo ya nyuzi 39 ndipo unateremka kuelekea Japani. Shida ni kwamba uzi huo unapita Kashmir na ukingo wa uwanda wa Tibet, na sisi tunaopanga njia za ndege hatupapendi hapo. Hewa ya ndani ya ndege ikivuja, rubani anatakiwa kushuka haraka hadi mita 3,000 hivi, ambako abiria wanapumua bila barakoa. Uwanda wa Tibet una wastani wa mita 4,500. Utashukia wapi? Oksijeni ya abiria katika ndege nyingi ni ya dakika chache tu. Kwa hiyo tunazunguka, na kilomita zinaongezeka.

Kikubwa zaidi ni upepo. Zile kilomita 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na juu ya Japani wakati wa baridi unaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima miaka ya 1920 kwa kurusha maputo, akachapisha matokeo kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa itumike kimataifa, ili dunia isome. Wachache sana walimsoma.

Chukua mfano: njia ya kilomita 8,400, upepo wa wastani wa kilomita 80 kwa saa. Kwenda upepo unakusukuma, 900 jumlisha 80: 8,400 gawa kwa 980 ni saa 8 na dakika 34. Kurudi unakupinga, 900 toa 80: 8,400 gawa kwa 820 ni saa 10 na dakika 15. Ongeza kama saa moja ya ndege kutembea uwanjani, kupanda na kusubiri zamu ya kutua, utaona tiketi yako haijakosea. Wala usidhani kwenda kunafidia kurudi: kwenye upepo wa mbele unakaa muda mrefu zaidi, hivyo jumla huzidi ile ya siku tulivu.

Majira ya joto mkondo huo hulegea na kusogea kaskazini, tofauti ikapungua. Kama unaunganisha ndege ya Dar es Salaam, angalia ratiba ya mwezi unaosafiri, si ya safari iliyopita.