Kimya Kisichukuliwe Kuwa Taarifa: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi za Zamu

Ninyi mnaoanza kazi kwenye mitambo, vivuko au vyumba vya seva mtaambiwa mara nyingi kwamba hitilafu imetokana na uzembe wa mtu mmoja. Nawaomba msiridhike na jibu hilo.

Chukueni mkasa wa kivuko cha Herald of Free Enterprise, kilichopinduka tarehe 6 Machi 1987, dakika chache baada ya kutoka bandari ya Zeebrugge nchini Ubelgiji, wakafa watu 193. Milango ya mbele ya kupitishia magari ilikuwa wazi. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani mwake, na wengi huishia hapo. Lakini serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, alipita akaiona iko wazi, akaiacha kwa kuwa kuifunga hakukuwa sehemu ya kazi yake. Afisa wa kuhakikisha imefungwa alitakiwa wakati huohuo awe juu, kwenye chumba cha kuongozea meli. Na nahodha, ambaye kutoka alipokuwa hakuweza kuiona, aliondoka kwa sababu hakuna aliyemletea habari ya kasoro. Utaratibu wenyewe ulimruhusu: asipoambiwa neno, ahesabu kwamba meli iko tayari. Aliyelala hawezi kutoa taarifa kwamba amelala. Tena manahodha wa kampuni hiyo walikwishaomba taa za kuonyesha kama milango imefungwa, wakakataliwa, ingawa mwaka 1983 meli nyingine ya kampuni hiyohiyo ilikwishasafiri milango ikiwa wazi na kufika salama.

Kwa hiyo mnapopokea zamu, neno "salama" kwenye daftari la makabidhiano lisiwatoshe. Ulizeni jenereta limejaribiwa saa ngapi, mafuta yamebaki kiasi gani, na nani aliyeyapima kwa macho yake. Jambo lililonusurika kuharibika liandikeni kama ambavyo mngeandika lililoharibika, na anayeleta habari mbaya asikaripiwe, maana akikaripiwa leo, kesho wenzake watanyamaza. Na ratiba ikiwataka muwe mahali pawili kwa saa moja, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote, mwandikieni msimamizi kabla zamu haijaanza, mkitaja wazi ni kazi ipi itakayobaki bila mtu.