Dawa ya kukojoza ni ya asubuhi

Dada yangu wa Malindi, umeuliza kama mama aache furosemaidi, dawa yake ya kukojoza, kwa kuwa uvimbe wa miguu umeshuka na usiku hapati usingizi kwa kwenda msalani. Asiiache bila idhini ya daktari, kwani kushuka huko ni kazi ya dawa yenyewe. Muulizeni daktari kama ataweza kuinywa asubuhi. Apimwe damu pia, maana dawa hii hutoa madini ya potasiamu mwilini pamoja na maji, na upungufu wake hulegeza misuli na kuvuruga mapigo ya moyo. Ng'onda, yaani samaki mkavu, tuipendayo sote Pwani, aipunguze sana kwa chumvi yake. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, asijinunulie dukani, kwa kuwa huweza kuumiza figo. Akiharisha, akitapika au akipata kizunguzungu anapoinuka, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.