Ninyi mnaoingia kwenye mbuzi wa maziwa

Nimeona tena, safari hii mtaa wa Utawala, Nairobi: mbuzi wa Toggenburg mmoja, peke yake, kafungwa kwenye nguzo, majani ya nepia yametupwa chini, na mwenyewe ananiuliza mbona mbuzi hali na analia usiku kucha. Vijana wangu, mtaniua.

1. Nunueni wawili kwenda juu. Mbuzi wa peke yake hulia mpaka majirani wakushtaki kwa chifu. Ploti ya futi hamsini kwa mia inawabeba, maana anachomaliza ng'ombe wa Friesian mmoja kinashibisha mbuzi watano. Mimba ni miezi mitano, si tisa, na mmoja akikauka mwenzake bado anakamwa. Ng'ombe wako wa pekee akishikwa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe, nyumba nzima inakunywa strungi, chai bila maziwa.

2. Inueni banda, sakafu ya mbao zilizoachana ili mavi yapenye. Majani yaning'inizwe. Mbuzi hali alichokanyaga, na ana haki: minyoo iko huko chini.

3. Si kila kijani ni chakula. Hapa niacheni niseme. Zamani nilikuwa bingwa wa vya bure. Jirani alipokata matawi ya mvokado wake, niliyabeba yote, na mbuzi waliyafagia kwa furaha. Kesho yake mbuzi wangu bora, Alpine, ana kiwele kigumu, maziwa robo ya kawaida, yenye mabonge. Nikamfokea kijana wa kukama kwamba hanawi mikono. Nikanunua dawa ya kuingiza kwenye chuchu, kisha nikamwongezea mgonjwa majani yale yale, maskini, apate nguvu. Wa pili akafuata. Wa tatu akavimba shingo, akawa anahema amesimama tu. Daktari wa mifugo alipofika hakugusa kiwele. Alienda moja kwa moja kwenye hori, akaokota jani na kuniinulia usoni bila neno. Jani la avokado lina sumu, persini, inayoharibu kiwele na misuli ya moyo. Yule wa tatu hakuuona usiku. Alpine alipona, ila maziwa ya uzao ule yalikwisha hapo. Kijana nilimwomba radhi. Alikubali, na papo hapo akaomba nyongeza ya mshahara. Nilimpa.

Wapeni majani ya miti ya malisho, kaliandra na lusina, na majani ya viazi vitamu.

4. Beberu akae mbali na wanaokamwa, la sivyo maziwa yatanuka yeye. Na asipande binti zake! Badilishaneni mabeberu.

5. Kabla ya bei, uliza mbuzi amekulia wapi. Kuna homa ya kondoo na mbuzi inayobeba jina la Nairobi, inajulikana hapa tangu 1910, na huletwa na kupe wale wale wa ndigana. Mbuzi wenyeji huwa na kinga. Mbuzi mgeni aliyetoka sehemu kame isiyo na kupe hao huanza kuhara na kufa. Mpekue masikio kila wiki, kupe hao hukaa humo. Muuzaji akianza kukuharakisha, mwache aende na mbuzi wake.