Shehe Huyu, Shehe Yule: Majibu kwa Wasomaji

Tangu tugusie majina ya koo za Pwani, wengi mmeniandikia kuhusu neno moja tu: shehe. Nimechagua maswali machache. Mwenye kutaka fatwa si hapa.

Lipi sahihi: shehe, shekhe au sheikh? (Wasomaji wengi)

Yote matatu huandikwa na yote hueleweka. Shika moja, ulitumie mwanzo hadi mwisho. Nimeshalijibu hili mara nyingi, silirudii tena.

Nina miaka 23 na sijasoma dini ya kutajika. Nikivaa kofia tu, makanga wananiambia, "Shehe, sogea nyuma." Niitike? (Likoni)

Itika na usogee, wengine wapate nafasi. Kwa Kiarabu neno lenyewe ni mtu aliyekula chumvi nyingi. Katika Sura Hud, aya ya 72, mke wa Nabii Ibrahim anastaajabu atazaaje ilhali mumewe ni shaykh, yaani mzee. Katika Sura Al-Qasas, aya ya 23, mabinti wawili wa Madyan wanasema baba yao ni shaykh, mzee sana. Hapo panatajwa umri. Heshima ya mzee ndiyo aliyokuja kupewa mwalimu.

Makanga hana kosa. Wenye kosa ni sisi tunaompa cheo hicho kila mwenye kanzu, ndevu na sauti ya juu, tukampandisha jukwaani aombee wanasiasa dua, na kesho yake magazeti yakamwandika "Shehe". Muulizeni amesoma kitabu gani, na kwa nani. Mji huu wa Mombasa ulikuwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891, akatoa gazeti la Al-Islah 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947. Baadaye akaja Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyeifasiri Qurani yote kwa Kiswahili, naye akashika cheo hicho hicho. Hao ukiwauliza walikufungulia kitabu.

Shehe Mvita alikuwa imamu wa msikiti gani? (Mikindani)

Hakuwa imamu, alikuwa mtawala. Wazee wa mji husimulia kwamba kwanza alikuwapo Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, yaani Mombasa ya kale, kisha akaja Shehe Mvita akaanzisha ukoo mpya wa kutawala. Hata jimbo la Mvita linabeba jina lake.

Kwa Waswahili wa Mombasa, shehe alikuwa pia mkuu wa taifa, yaani kabila la mji. Sisi ni Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: Tatu Taifa ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, na waliobaki ni Tisa Taifa, wakiwemo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi. Mataifa yalikuwa na mashehe wao, na aliyekuwa juu yao aliitwa Tamimu. Shehe wa namna hiyo alisimamia mashauri ya watu wake na kuwasemea mbele ya watawala. Inanisikitisha kuona kijana wa Mji wa Kale anawajua wachezaji wote wa Uingereza na hajui yeye ni wa taifa gani. Kaulize nyumbani leo, wazee wangali hai.

Sheha wa Unguja na Pemba ni mwingine tena: ni kiongozi wa shehia, eneo dogo la utawala, na huwekwa na serikali. Usimpelekee masuala ya twahara.

Mwanamke anakuwaje Sheikh? Nasikia Sheikh Hasina wa Bangladesh. (Bamburi)

Kwake ni jina la ukoo. Baba yake, aliyeuawa 1975, aliitwa Sheikh Mujibur Rahman. Katika Bara Hindi, Sheikh huhesabiwa miongoni mwa koo za Waislamu pamoja na Sayyid, Mughal na Pathan, na ndiyo maana hapa mjini utakuta mwenye duka aitwaye Sheikh ambaye hajawahi kudai elimu yoyote ya dini. Kuwait na Imarati nako ni cheo cha kuzaliwa nacho katika koo zinazotawala, na wanawake wao huitwa Sheikha.

Jirani yangu ni sharifu, lakini ukoo wake ni "Sheikh Abubakar". Si anajichanganya? (Majengo)

Hajajichanganya. Sheikh Abubakar bin Salim alikuwa sharifu, yaani wa kizazi cha Mtume, wa Inat, Hadhramaut huko Yemen, aliyeishi 1513 hadi 1584, na kizazi chake kimeenea Pate, Lamu na Ngazija. Cheo cha babu kimekuwa jina la wajukuu. Muombe radhi jirani yako.

Mkristo anaweza kuitwa shehe? (Tudor)

Lebanon, ndiyo. Bashir Gemayel, Mkristo wa Kimaroni aliyechaguliwa rais 1982 akauawa kabla ya kuapishwa, aliitwa Sheikh Bashir.

Babu aliitwa Sheikh kwa heshima tu. Karani akaliandika kama jina la ukoo, na sasa vyeti vya mwanangu havilingani. (Kisauni)

Muone wakili akuandalie hati ya kubadilisha jina, isajiliwe na itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Fanya kabla ya pasi ya kusafiria na kabla ya mirathi. Mnaojaza fomu, msiandike Sheikh, Maalim, Hajj wala Ustadh penye nafasi ya jina. Karani ataandika anachokiona.

Dada yangu alimlipa kwa simu "shehe" wa mtandaoni, akapewa karatasi kuwa ndoa yake imevunjika. Inafaa? (Changamwe)

Haifai kitu. Anayetambuliwa na serikali kuamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake ni Kadhi, na Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu. Anayekuomba pesa kwanza, hujui uso wake wala mwalimu wake, ni tapeli hata akisoma kwa sauti ya kuliza. Karatasi asiitupe. Aichukue pamoja na ujumbe wa malipo, aende mahakama ya Kadhi, na asikubali posa ya mtu yeyote hadi Kadhi atoe hukumu.